Muda wa Kuoga

Bafu la Baltazari Kihwele lilikuwa uani, limezungushiwa mabanzi ya msonobari, na huko ndiko alikobaki kuwa mtu. Kwingine kote alikuwa mzee mtulivu wa Lwang'a, kule juu Mufindi, ambaye akiulizwa hali anajibu nzuri, na kweli alikuwa haoni ubaya wowote.

Alasiri ile alifungua mkanda kiunoni, akautundika kwenye msumari, akasubiri.

Haukuwa mkanda wa suruali. Ulikuwa bapa, wa kijivu, na ndani yake mlikuwa na moto wa umeme wa kulisha uzi. Uzi wenyewe ulikuwa umelazwa ndani ya mgongo wake, mwembamba kuliko unywele, toka kisogoni mpaka kwenye nyonga. Mkanda ukiwa kiunoni, uzi uko macho. Mkanda ukitoka, uzi unaanza kusinzia. Siku walipomtia uzi, watu wa wilaya walimwonya vizuri: vua wakati wa kuoga tu, na usioge kama bibi harusi. Ukipitisha muda wa kuoga, uzi unakufa humo humo mwilini, na serikali haimpi mtu uzi wa pili.

Kwanza ulikuja mgongo. Ulianzia chini, pale pale siku zote, ukashuka mguu wa kushoto mpaka vidole vikajikunja kwenye jiwe. Akashika nguzo. Halafu nyuma ya mgongo, kama watu wawili wanaoongozana kwenye njia nyembamba, akaja Eusebia.

Alikuja na namna yake ya kumenya viazi huku akigombana na redio. Alikuja na ile tabia yake ya kusimama mlangoni pa jiko wasiwasi ukimshika, kiganja kwenye mwimo, anahesabu pumzi kwa sauti, na ukimwachia anacheka peke yake na kusema, "Haya, umepita, mbwa huyu." Kihwele alijimwagia maji usoni. Alilia mdomo ukiwa wazi, bila sauti, na kila kwikwi ilimchoma mgongoni upya.

"Baba, muda," binti yake Hongera aliita kutoka jikoni.

Alijiambia: leo sivai. Alikuwa amejiambia hivyo kila siku tangu msiba. Mkono ukaenda wenyewe kwenye msumari, kwa sababu mgongo una ushawishi zaidi kuliko mke aliyekufa. Akavaa.

Hakumsahau Eusebia, hapana. Angekutajia jina lake, kijiji chake, na gauni alilozikwa nalo. Lakini ilikuwa kama anasimuliwa habari za mke wa mtu wa kata nyingine. Pole, unasema, halafu unauliza chakula kiko wapi.

*

Mgongo aliuachia kiwandani. Walikuwa wanavalishwa vazi la chuma la kubebea magogo, vazi linalotembea na mtu ndani, na wakubwa walisema mtu akilivaa hachoki. Vazi ndilo lililokuwa halichoki. Siku mgongo ulipokatika, vazi liliendelea kusimama wima na gogo begani, na yeye ndani akipiga kelele, mpaka zamu ilipoisha wakaja kulifungua. Kiwanda kikamwandikia kwamba alikaa vibaya ndani ya vazi.

Baada ya hapo ikaja ile hali nyingine. Waliokuja na vishikwambi waliiita sonona. Eusebia aliiita mgeni. "Mgeni amekuja?" anamuuliza asubuhi, na mumewe akigeukia ukuta asijibu, anajua amekuja, anaahirisha shamba, anakaa naye. Nyumba ilikuwa ya watu wawili wagonjwa, yeye na mgongo wake na mgeni wake, mke na wasiwasi wake, wakipeana zamu ya kuuguzana.

Uzi ulipofika wilayani, wakubwa walitangaza kwamba unajua kutofautisha maumivu ya mwili na ya moyo, utaondoa ya kwanza na ya pili utayaacha kwa mwenyewe. Haukujua. Uzi lazima ufundishwe mwili wa mtu kwa siku kadhaa, na wa Kihwele ulitiwa wiki ile ile aliyofariki Eusebia. Ulijifunzia msibani. Mgongo na Eusebia ukaviona vinakuja pamoja, ukavijua kuwa kitu kimoja, na ukafanya kazi yake ya kuondoa. Hata mgeni naye akatoka. Hongera alipoona baba yake anakula sahani nzima na kulala mpaka asubuhi, alimshukuru Mungu na hakuuliza zaidi.

Eusebia alifia njiani akitoka zahanati. Alikwenda na maumivu ya kifua, akasimama mbele ya kioo, maana zahanati za siku hizi hazina daktari, zina kioo kinachokuangalia na kukuambia unaumwa nini. Kioo kikasema wasiwasi. Sasa kulikuwa na shauri wilayani, kuamua kama kioo kilikosea. Kwenye kikao cha kwanza Mratibu wa wilaya alimuuliza mume kama ana malalamiko. Kihwele, na mkanda wake kiunoni, alijibu, "Sina neno." Kikao cha pili kilikuwa kesho, siku ile ile ya kuanua tanga, na akisema tena hana neno shauri linafungwa, kioo kinabaki kilivyo katika kila zahanati ya wilaya.

*

"Hodi humu kwa wala mbwa."

Osmundi Mbano alikuwa Mngoni, mtani wa nyumba hiyo tangu ujana wao kiwandani. Aliingia na kibuyu cha ulanzi, pombe ya mianzi, kwapani.

"Karibu, mla panya," Kihwele alijibu. "Mbwa ameisha. Umechelewa."

Maneno yalikuwa yenyewe, lakini aliyatoa kama anayesoma kibao cha barabarani. Mbano alimtazama, akakaa, akamgeukia Hongera aliyekuwa anachochea moto.

"Unajua baba yako alinifanya nini siku ya mazishi? Nimevaa kitenge cha marehemu, nimefunga na kilemba chake, nimesimama mlangoni pale nahesabu pumzi kama yeye. Wanawake wanacheka mpaka wanalia, wengine wanalia mpaka wanacheka. Huyu akanipa mkono. Akaniambia, umefanya vizuri, ahsante. Mtani gani anashukuriwa? Nilirudi nyumbani nikavua kile kitenge naona aibu kama mwizi."

"Ulifanya vizuri kweli," alisema Kihwele.

"Umesikia?" Mbano akamwambia Hongera. "Bora angenipiga."

Hongera hakucheka. "Baba yuko sawa, Baba Mbano. Anakula. Analala. Wewe unataka nini zaidi?"

"Nataka anitukane vizuri."

*

Kesho yake, wageni wakiwa wameanza kujaa uani, Mbano ndiye aliyebeba ndoo ya maji ya moto mpaka bafuni. Akaegemea mabanzi kwa nje.

"Mbano," sauti ilitoka ndani, imebanwa.

"Naam, mtani."

"Leo uninyang'anye huu mkanda. Mbele ya watu. Leo ni tanga, una haki."

Ni kweli, kwao siku ya tanga mtani anaruhusiwa kupora kitu chochote cha mfiwa, jembe, kofia, hata kiatu mguuni, na hakuna wa kumpokonya wala kumkasirikia. Kitu kinarudi mtoto wa nyumba akikikomboa kwa kuku. Basi.

"Vaa kwanza," akasema Mbano, "halafu uje uniambie tena."

"Nikivaa sitaki. Ndiyo shida yenyewe hiyo. Nikivaa nitakwambia niko salama, na nitakuwa naamini."

"Sasa mimi nimsikilize nani? Kuna Kihwele wa bafuni na Kihwele wa mkanda. Wote wananuka mbwa."

"Msikilize huyu anayeumwa."

"Na uzi ukifa?"

"Ufe. Mbano, mimi jana nimemwambia mtu kwamba mazishi ya mke wangu yalikuwa mazuri. Nimesema hivyo nikitafuna."

Hongera alikuwa amefika nyuma ya Mbano na taulo mkononi. Kumbe alikuwa amesikia.

"Baba Mbano, usithubutu," alisema kwa sauti ya chini, maana uani kulikuwa na watu. "Wewe hukuwepo kabla ya uzi. Ulikuwa unakuja mnakunywa ulanzi unaondoka. Hukumwona. Mama alikuwa hamwachi peke yake hata kwenda kisimani. Unajua kwa nini alikuwa hamwachi? Basi usiniambie habari za kumnyang'anya."

Mbano akajitoa kwenye mabanzi.

"Nimeshazika mmoja," Hongera akaendelea. "Na leo Mama hayupo wa kukaa naye. Nitakaa mimi, sawa, lakini mimi si Mama. Sijui alivyokuwa anamrudisha."

Ndani ya mabanzi maji yalikuwa yameacha kumwagika.

"Hongera, mwanangu," sauti ikasema. "Mama yako hajaliliwa."

"Mimi nimemlilia."

"Mimi sijamlilia."

Binti akaliweka taulo juu ya mabanzi. "Muda, baba," akasema.

Kihwele akavaa. Alipotoka alikuwa ametakata uso, akawasalimia wageni mmoja mmoja, akawauliza habari za viazi vyao.

*

Mratibu Mtengwa alikuja na gari la wilaya. Hakuwa mtu mkorofi. Alivua kofia, alitoa pole, alikataa kiti kizuri akakaa cha mbao, akaweka kishikwambi gotini. Watu wa namna hiyo ndio wanaotumwa. Wakorofi wanabaki ofisini.

"Mzee Kihwele, sitakuchukulia muda. Wewe ndiye mume, shauri ni lako. Una neno lolote kuhusu huduma aliyopewa marehemu?"

Wanawake waliokuwa wanamenya viazi waliacha visu hewani.

"Sina neno, mwanangu," alisema Kihwele. "Nashukuru tu."

Hongera alitazama chini. Mratibu akainua kidole aguse kishikwambi, shauri lifungwe, na hapo Mbano akaruka kutoka kwenye benchi la watani, mzee mzima, akamshika Kihwele kiunoni kama anayecheza naye, akaufyatua mkanda na kukimbia nao mpaka katikati ya uwanja.

Watu wakalipuka kwa kicheko. Mbano akaufunga mkanda juu ya koti lake, akanyoosha shingo, akakodoa macho bila kupepesa, akawa kioo cha zahanati.

"Simama mbele yangu. Unaumwa kifua? Huo ni wasiwasi. Umevunjika mguu? Wasiwasi. Umekufa? Pumua, mama, rudi nyumbani."

Hata Mratibu alitabasamu, akaficha mdomo kwa kofia.

"Mbano, rudisha," alisema Kihwele kwa upole. "Acha mchezo. Mimi nauhitaji huo."

"Sina neno, mwanangu," Mbano akamwigiza, kwa ile sauti yake tulivu. "Nashukuru tu." Safari hii waliocheka walikuwa wachache.

Hongera alikwisha kukimbilia bandani. Alirudi na kuku mwekundu, kamshika miguu, kichwa kinaning'inia. Ilikuwa kazi ya hatua chache: amkabidhi Mbano kuku, achukue mkanda, amfunge baba yake. Alifika karibu, akamtazama baba yake, akasimama.

Uso wa Kihwele ulikuwa unarudi. Kwanza ulikuja mgongo, akauma meno, akateleza kutoka kwenye kigoda mpaka kwenye mkeka, magoti, halafu ubavu. Halafu macho yakapata kitu cha kutazama. Alitazama mlango wa jiko. Akatazama ule mwimo.

"Usitoe kuku," alisema. "Hongera, usitoe."

Kuku alitapatapa mkononi mwa binti. Utani ulikuwa umeingia mahali ambapo watu hawakupajua.

"Mwanangu Mratibu," Kihwele alisema akiwa amelala, shavu kwenye mkeka. "Neno ninalo. Mke wangu wasiwasi alikuwa nao miaka na miaka. Kioo kiliujua, mlikuwa mmekiandikia humo. Asubuhi ile kifua kilimbana, jasho likamtoka, mkono ukafa ganzi, akaniambia, Baba Hongera, mimi wasiwasi naujua, nimelala nao, nimeamka nao, huu si wenyewe. Akaenda. Mimi sikuweza kutembea, mlikuwa mmenitia uzi siku mbili nyuma, nimelala kifudifudi. Akasimama mbele ya kile kitu chenu akakiambia vile vile. Huu si wenyewe. Kikasoma jina lake, kikaona wasiwasi, hakikutazama tena. Mtu akishaandikwa kwenu anaumwa roho, basi mwili wake hauna haki ya kuumwa kitu kingine. Akifa, amekufa kwa mawazo. Mmemuua." Akavuta pumzi. "Halafu mkaja kunifunga mimi mkanda nisiwaambie."

Mratibu hakuandika. Aligusa kishikwambi, akasoma, akasoma tena.

"Mzee, pole sana. Lakini kanuni inasema mgonjwa aliye nje ya uzi wake hana utulivu wa kutoa ushahidi. Sonona ndiyo inayosema. Ukivaa mkanda, ukayarudia haya haya, nitayaandika yote."

"Akivaa hawezi kuyarudia," alisema Mbano. Hakuwa anaigiza tena.

"Hilo siwezi kulisaidia."

"Kanuni yako inaendeleaje hapo chini?" aliuliza Hongera. Alikuwa anamtazama Mratibu, kuku bado mkononi. "Mume akikosa huo utulivu, shauri linakuwa la nani?"

Mratibu angeweza kudanganya. Alisoma kwa sauti ya chini, kama mtu anayesomewa hukumu: "Linahamia kwa mtoto mkubwa wa marehemu, endapo ni mzima."

"Mimi ni mzima."

"Na ikiwa mume atarudishiwa utulivu wake kabla shauri halijaandikwa, linarudi kwa mume."

Basi ndivyo wakubwa walivyokuwa wamelipanga. Kulikuwa na kuku mmoja na baba mmoja kwenye mkeka. Akimtoa kuku, baba atakula leo jioni na kulala, na mama atabaki amekufa kwa mawazo. Hongera alipiga magoti kando ya baba yake. Muda wa kuoga ulikuwa unakwisha, kila mtu pale aliujua.

"Baba, nikianza kusema nitachelewa."

"Chelewa."

"Mgeni atakuja. Mimi sitajua la kufanya."

"Hata mama yako hakuwa anajua," alisema Kihwele. "Alikuwa anakaa tu."

Alimwachia kuku. Kuku aliangukia mkekani, akajipukuta, akapita katikati ya miguu ya wageni. Hongera alisimama akafuta viganja kwenye khanga.

"Andika," alimwambia Mratibu. "Naitwa Hongera Kihwele, mtoto pekee wa Eusebia. Siku hiyo mimi ndiye niliyempeleka zahanati. Nilikuwa nimemshika mkono mbele ya kioo. Hamkuwahi kuniuliza."

Akaanza, tangu alfajiri ya siku ile, polepole, na Mratibu akaandika. Alisema rangi ya midomo ya mama yake. Alisema mara ngapi waliomba mtu wa kuwatazama, mtu mwenye mikono, wakaambiwa na sauti ya ukutani kwamba huduma yao imekamilika. Alisema mahali walipokaa kupumzika njiani na jinsi mama yake alivyojaribu kuhesabu pumzi, si kwa wasiwasi, ila kwa mazoea, akapotea katikati ya hesabu. Mbano alikuwa amesimama na ule mkanda tumboni, mikono imelegea. Kadiri Hongera alivyosema ndivyo mzee alivyozidi kujikunja kwenye mkeka. Hakuna aliyemwendea, kwa sababu alikuwa anasikiliza.

Alipomaliza, Mratibu alisimama. "Shauri halijafungwa," alisema. "Siwezi kuahidi zaidi ya hapo." Alitaka kuongeza kitu, akavaa kofia yake akaenda garini.

Mbano alivua mkanda akapiga magoti, akauzungusha kiunoni kwa Kihwele kwa haraka ya mtu mwenye hatia. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Wote wawili walisubiri, nyuso karibu karibu.

"Hakuna kitu, mtani," alisema Mbano. "Uzi umekufa."

"Najua. Toa mkono, unanibana."

"Nimekuua mimi."

"Mla panya wee, usinililie masikioni," alisema Kihwele, na machozi yake mwenyewe yalikuwa yamelowesha mkeka. Alianza kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu mlango, halafu ikatoka yote, kilio cha mwanamume mzima anayeumia kila anapovuta hewa ya kulilia, na anaivuta tena. Alimwita mkewe kwa jina. Wanawake waliweka visu chini, wakafunika vichwa, wakampokea.

Ukungu ulipoanza kushuka juu ya misonobari, shangazi mmoja wa ukoo alimwinamia Hongera na kumuuliza taratibu kama waendelee sasa, wakunje mikeka, waanue tanga, maana wageni wa mbali wana safari.

Kihwele alisikia. Aliinua kichwa kidogo kutoka kwenye paja la Mbano.

"Msikunje kitu," alisema. "Mimi ndiyo kwanza nimefiwa."